Swali Ambalo Viola Hakuuliza

Nimetembea sana. Nimepakia samaki Lodwar, nimebeba magogo ya kiwanda cha karatasi Webuye, nimekaa Busia miezi minne nikingoja lori ambalo halikuja. Shule nilisoma vipande vipande, mwaka huku, muhula kule. Lakini mdomo Mungu alinipa mzima. Polisi wa barabarani wamenisikiliza mpaka wakachoka, wakaniachilia. Kwa hivyo nikisema msichana wa miaka ishirini na mbili alininyamazisha mbele ya watu, mjue sisemi jambo dogo.

Ilikuwa 2006, mwezi wa nne, Kitale. Nilikuwa nimeenda kwa wakili Kabura, ofisi yake iko nyuma ya duka la mbegu, anipigie muhuri kiapo cha kitambulisho kilichopotea. Karani akaniuliza kilipotelea wapi. Nikaanzia Lodwar. Nilipofika Kapenguria, mlango wa ndani ukafunguka, wakili akatoa kichwa.

"Huyu mzee ndiye namtaka," akasema. "Baba, Jumamosi una kazi?"

Ndani kulikuwa na wanafunzi wawili wa sheria, Viola Nasambu wa Naitiri na Kizito wa Bokoli. Wakili Kabura akimaliza kesi zake za mashamba, alikuwa akiwafundisha kwa ajili ya mashindano ya kesi za kuigiza. Kesi yenyewe imetungwa, lakini unasimama kortini kabisa na hakimu anakusikiliza. Jumamosi walikuwa wanaenda Bungoma, na watakaofanya vizuri wangeendelea Nairobi. Mmoja wao ndiye angehoji shahidi wa upande wa pili. Nafasi ilikuwa ya Viola, na ilikuwa inamponyoka.

Nikapewa karatasi ya shahidi huyo. Humo mimi ni mwenye hoteli sokoni. Siku ya mvua kubwa nimekaa mlangoni, nikasikia mshtakiwa, ng'ambo ya barabara, akimwambia jirani yake, "Nitakuchomea duka." Kesho yake duka likaungua.

Viola akasimama. "Samahani, Baba. Kwa nini ulikuwa umekaa mlangoni?"

Aa! Mtu ameniuliza kwa nini! Nikaeleza moshi wa jikoni, mke wangu wa kwenye karatasi, goti langu linalouma kwa baridi. Kizito akaangalia saa mara mbili.

"Bana, hii ni ushahidi ama ni redio?"

Wakili hakucheka. "Viola, hii ni mara ya ngapi?"

"Madam, huyu ni mzee. Kwetu mzee hapewi maswali ya ndiyo na hapana kama mtoto aliyevunja kikombe. Unamwacha amalize."

"Na akimaliza, mteja wako ako jela. Si nimekuambia, usimwite muongo? Mshike mkono. Hatua moja, aseme ndiyo. Hatua nyingine, aseme ndiyo. Ukifika mlangoni, lile la mwisho usiulize, kaa chini. Ukisema 'kwa nini' tena leo, Jumamosi anasimama Kizito."

Kizito akanyoosha tai.

Hapo ndipo mvua iliposhuka, ile ya Kitale, juu ya bati tupu. Wakili alikuwa bado anasema kitu, lakini tuliona midomo tu. Viola akainua uso, akatazama paa kama mtu aliyeitwa. Akanishika mkono wa koti, akanisimamisha mlangoni, kisha akakimbia ndani ya mvua mpaka ng'ambo, kwenye baraza ya kinu cha posho. Nikaona anafungua mdomo. Akarudi amelowa chapachapa.

"Baba, nimesema nini?" akapaza sauti sikioni mwangu.

"Umeniita?"

"Nimetaja babu zangu wote mpaka wa tano!"

Mvua ilipopungua, wakili aliketi polepole. "Wiki tatu nimesoma hiyo karatasi," akasema. "Wiki tatu."

Jumamosi korti ya Bungoma haikuwa na kesi, kwa hivyo mashindano yalipewa ukumbi wake. Shahidi wa wapinzani alikwama njiani kwa matope. Waandalizi wakauliza nani anaijua hiyo karatasi, na pande zote mbili zikakubali mimi nisimame. Wakili Kabura akanivuta kando.

"Usimhurumie. Ukimhurumia nitajua."

Akaenda kukaa nyuma kabisa, maana mwalimu haruhusiwi kusema neno, akauma kalamu.

Sikumhurumia. Nilikuwa na njia tatu za kutorokea: mvua ilitulia kidogo, hoteli yangu ina dari, nilitoka nje nikasogea karibu.

"Shikamoo, Baba," Viola akasema. "Mvua ilianza saa nane?"

"Ndiyo."

"Na karatasi yako inasema haikupumzika mpaka jioni?"

Njia moja ikafungwa. "Ndiyo."

"Paa lako ni bati?"

"Bati, na unajua bati hizi za..."

"Bati. Asante, Baba. Bila dari?"

"Bila."

"Hukutoka nje?"

"Sikutoka."

"Na yeye alikuwa ng'ambo ya barabara?"

"Ng'ambo."

Jamani, nilikuwa naijua ile njia. Nililowa nayo Kitale. Bado nilifika mahali aliponitaka, kwa miguu yangu, nikiitikia. Nikafungua mdomo kungoja lile swali: sasa ulisikiaje? Nilikuwa na hadithi ya masikio yangu tangu utoto.

Viola akasita. Nyuma, kalamu ya wakili ilikuwa imetulia. Nikaona lile swali limemfika midomoni. Akalimeza.

"Asante, Baba. Sina swali lingine."

Akaketi. Kijana wa upande wa pili aliulizwa kama ana la kuniuliza. Akapekua karatasi mbele, nyuma, akatikisa kichwa.

"Mheshimiwa," nikasema, "hakuna mtu ananiuliza nilisikiaje?"

"Shuka, mzee," hakimu akasema, lakini macho yake yalikuwa kwa yule msichana.

Kizimba kina ngazi mbili, na goti langu si la karatasi. Viola ndiye aliyekuja kunishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni. Wakili Kabura akapita karibu yetu, akamkabidhi Kizito faili zote.

"Raundi ya Nairobi wewe utabeba hizi," akamwambia. "Viola atauliza."