Kocha Asimame Badala Yake

Shika kiti vizuri, maana hili ukilisikia utasema ni chumvi. Si chumvi. Chumvi aliitia Kocha mwenyewe, na ndiyo iliyomponza.

Kocha hakuwa wa mpira. Aliwafundisha wenye saluni, wapaka kucha, wakandaji na wauza mafuta ya ngozi namna ya kuisimamisha biashara ikasimama. Na kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Angeingia saluni kwako, akatazama taulo tu, akakuambia kwa nini wateja hawarudi. "Taulo ziwe karibu na mkono," angesema, "siyo kwenye kamba huko nje." Lakini watu hawakuwa wanajaza ukumbi kwa ajili ya taulo. Walikuja kusikia habari ya mvua.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Miaka kumi na mbili nyuma, Kocha akiwa binti mwembamba asiyejua kusema neno, aliajiriwa na mama mmoja mwenye roho ya jiwe. Siku moja, bila kosa lolote, yule mama akamvua aproni mbele ya wateja na kumsukuma nje, mvua inanyesha, mkononi ana chanuo moja. Akaanza kusuka watu barazani kwa mama yake mdogo. Leo ana saluni tatu. Hapo ukumbi mzima hutoa leso.

Mama mdogo ndiye aliyekaa mlangoni kuandika majina ya wanaoingia, na alikuwa ameisikia hiyo habari mpaka masikio yameota sugu.

"Mwanangu," alimwambia asubuhi hiyo, "mwaka wa kwanza yalikuwa manyunyu. Mwaka jana mvua. Juzi nimesikia na radi. Mwakani utaogelea?"

"Mama mdogo, watu wanahitaji kutiwa moyo."

"Watiwe. Ila hiyo aproni aliyokuvua, mbona ulifika kwangu umeivaa? Mpaka leo nafutia jiko."

"Shh! Watu wanaingia!"

Wakaingia, kama thelathini hivi. Wote akina mama, isipokuwa kinyozi mmoja na mkandaji mmoja waliokaa pamoja kama mapacha waliopotea. Mstari wa mbele akakaa mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, begi kubwa mapajani. Akatoa chanuo kwenye begi, akaligongesha kiganjani. Tap, tap, tap.

Kocha akageuza shingo.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyegongesha chanuo vile. Mara tatu, kisha anasema "haya." Na kweli, yule mama akasema, "Haya."

Alikuwa ni yeye. Roho ya jiwe mwenyewe, kaja kufundishwa! Ila hakumtambua Kocha hata kidogo. Angemtambuaje? Yule binti alikuwa kama ufagio, nywele zimebanwa, macho chini. Huyu wa leo ana mwili wa watu wawili, kichwa kimenyolewa kinang'aa, na sauti haihitaji kipaza.

Kocha akajikaza kisabuni. Ukutani nyuma yake maandishi yake ya kila siku yalikuwa yamemulikwa makubwa: MFICHA MARADHI KIFO HUMUUMBUA. Angeanza na nini kingine? Akaanza na mvua. Aproni ikavuliwa, radi ikapiga, na yule mama wa mstari wa mbele akalia mpaka miwani ikalowa kifuani.

Wakati wa chai akamfuata. "Kocha, huyo mwanamke aliyekutenda hivyo si mtu, ni mnyama."

"Ah, yameshapita, mama."

"Hayajapita! Mimi ningemjua ningemwendea mwenyewe mpaka kwake."

Kocha alipaliwa na chai. Mama mdogo, kule mlangoni, akatazama dari.

Baada ya chai lilikuwepo zoezi alilolibuni Kocha mwenyewe, na alijivunia kuliko saluni zote tatu. Unamwandikia barua aliyekuumiza. Unaisoma kwa sauti. Kisha unachagua mtu yeyote humo ndani, anasimama badala ya mkosaji, anakuomba msamaha. Kinyozi akamsomea mwenye nyumba aliyemfungia mlango. Dada mmoja mpaka rangi kucha akasimama kuwa mwenye nyumba, akaomba radhi kwa uchungu hadi kinyozi akaanza kumbembeleza yeye. Watu wakacheka, wakalia, wakapiga makofi.

"Nani mwingine?" Kocha akauliza, akitazama upande wa mbali kabisa na mstari wa mbele.

"Mimi," ikatoka sauti ya mstari wa mbele.

Yule mama akasimama, akavaa miwani, akasoma.

"Binti yangu. Jina lako silikumbuki, nilikuwa nakuita Binti tu, na hilo ni kosa langu la kwanza. Siku ile bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi. Nilitoka kuchota maji kwa jirani, nikakuachia bi harusi ana dawa ya kulainisha nywele kichwani. Nikasema dakika kumi na tano zikifika niite. Ukashika simu. Niliporudi dawa imekaa nusu saa, mtoto wa watu analia kichwa kinawaka, na nywele zinabaki mkononi mwangu. Wewe hupo. Umetoka mlango wa nyuma.

"Harusini alifunga kilemba. Habari ikaenea, saluni ikafa hata mwezi haujaisha. Miaka saba nimetembea na hili begi nikisuka watu nyumba kwa nyumba. Sasa nina chumba na viti viwili, ndiyo nimekuja kujifunza. Lakini kinachoniuma siyo nywele. Ni kwamba ulikimbia kabla sijakuambia kitu. Mimi ndiye niliyeruhusu mtu apakwe dawa wakati maji hayapo. Nusu ya kosa ni yangu. Nimekutafuta nikuambie, sikukupata."

Kocha alikuwa amekodoa macho. Unajua ukisimulia kitu miaka kumi na mbili, unakiona? Yeye alikuwa anaiona kabisa ile aproni ikivuliwa. Alikuwa anaisikia mvua. Na sasa mvua ikakatika ghafla, likatoka jua kali la siku ile, na yeye anakimbia vumbini na aproni yake kiunoni.

"Chagua wa kusimama badala yake," akasema kwa sauti ndogo, ile ya zamani.

Mama akatazama huku, akatazama kule. "Kwa vile hakuna anayejua maumivu ya saluni kama yeye, Kocha asimame badala yake."

"Kocha! Kocha!" wakashangilia.

Akasimama mbele yake. Alipanga kusema "nisamehe mama" basi, akae. Maneno mawili tu, hata kasuku angeyaweza. Akafungua mdomo.

"Nisamehe, mama. Niliogopa. Simu niliishika, ni kweli, nilikuwa nacheka na mtu wala si jambo la maana. Aliposema inachoma nikatafuta taulo, zote ziko kwenye kamba huko nje. Nikang'oa lile pazia la kijani, nikamfuta nalo, nywele zikatoka na pazia. Nikakimbia. Hukunifukuza. Nilikimbia."

Makofi! Mkandaji akasimama kabisa. "Kocha anajua kuigiza, jamani!"

Yule mama hakupiga makofi. Alikuwa anaipitia barua yake, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi.

"Mimi sikuandika habari ya pazia," akasema taratibu.

Akainua macho. Akamtazama Kocha kuanzia kichwa kilichonyolewa mpaka viatu, akarudi usoni.

"Miaka kumi na mbili najiuliza nani aliling'oa pazia langu."

Makofi yakafifia. Mama mdogo akaweka kalamu chini. Watu thelathini wanasubiri. Kipaza kiko mkononi mwa Kocha, maandishi yanawaka ukutani nyuma yake, na akicheka tu kidogo, akisema "ah, nimebuni, hiyo ndiyo kazi ya kocha," wote watacheka naye na mvua itaendelea kunyesha mwaka baada ya mwaka. Wote, ila mmoja, ambaye amegongesha chanuo kiganjani mara tatu, na safari hii hakusema "haya."

Sasa wewe, kipaza kingekuwa mkononi mwako, ungesemaje?