Maji Yaliyopanga Foleni

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Farida alikuwa akiupulizia mhuri pumzi ya moto ili wino uliokauka ulainike, kama afanyavyo kila Jumatatu. Yeye ndiye aliyekuwa huduma kwa wateja katika Ushirika wa Maji Iriba, pale Mwakiro: dirisha moja, daftari moja na kiti kimoja cha mgeni. Kiti chenyewe kilikuwa pipa la plastiki la bluu, limefunikwa kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Ndani ya pipa mlikuwa na klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji. Halikuwa limefunguliwa tangu Machi.

Kwenye foleni walikuwapo watatu: mzee aliyetaka kuvutiwa bomba, mama aliyepoteza kadi yake, na nyuma yao maji.

Maji yalisimama wima, urefu wa kiuno cha mtu mzima, bila ndoo wala jerikeni. Yalikuwa na ukungu kidogo, na ukiyatazama vizuri ungesema hayakulala vyema. Mama akayauliza kama yana haraka; yakasema hayana, yeye apite tu. Zamu yao ilipofika yakasogea dirishani.

"Amahoro, madamu. Mi niko na malalamiko."

"Amahoro. Una numero ya abone, ile ya mteja?"

"Oya, sina. Mi ni maji yenyewe, ya kule kwa tangi ya juu."

Farida alilelewa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi kwao na Kiswahili kilichonyooka na adabu zake zote. "Karibu, ukae," akasema, akaonyesha pipa.

"Hapo siwezi kukaa, madamu. Hiyo ndiyo dawa yangu."

Yakaeleza, yakiwa yamesimama, kwamba miezi mingi hayajatiwa dawa, na sasa yanawashwa mwili mzima. Farida akafungua daftari. Ukurasa wa malalamiko ulikuwa na safu tatu: harufu, rangi, bomba kukauka.

"Unanuka?"

"Oya."

"Rangi?"

"Kidogo sana, huwezi kuiona."

"Umekauka?"

Maji yakajitazama. "Oya."

"Basi sina pa kukuandika," akasema Farida, na alisikitika kweli.

"Mi sikuja juu yangu," maji yakasema. "Ni watoto. Mi naingiaka ndani yao, naona. Iko mmoja wa miaka sita, jino ya mbele imetoka, anakunywaka kwa bomba ya shule bila kikombe. Ile tumbo yake, ni mi naiumizaka. Anaitwa Riziki."

Farida akaweka kalamu chini. Riziki ni kitinda mimba wake. Wiki ya tatu hiyo mtoto alikuwa akijikunja kwenye mkeka, akipelekwa kituo cha afya na kurudi na dawa ya kunywa. Watoto wengi wa Mwakiro walikuwa hivyo hivyo, na mama zao hawakunyamaza hata kidogo. Ila walilalamika kituo cha afya, ambacho ni ofisi nyingine na kina daftari lake.

Akachukua kalamu tena, aandike lalamiko lake mwenyewe, kisha akakumbuka kuwa wafanyakazi wa Iriba hawaruhusiwi kulalamika. Akayaongoza maji hadi kwa shefu, mkuu wa ofisi. Kizingitini yakajikwaa, yakamwagika. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalijizoa yenyewe, yakaomba radhi kwa kulowesha sakafu.

Shefu Barnabé alikuwa mtu mwema, mvaa tai hata Jumamosi. Mwezi wa Februari watu arobaini na mmoja walikuja dirishani kusema maji yananuka dawa, na makao makuu ya Gitega yakaandika barua kali. Barnabé akatafakari siku tatu, kisha akaamuru dawa isitiwe tena. Malalamiko yakashuka hadi sifuri, yakabaki hapo. Venansi, fundi wa tangi, alikuwa na mkataba unaosema atapanda tangini kila asubuhi na ndoo. Basi aliendelea kupanda na ndoo tupu, akaikung'uta juu, akashuka.

Barnabé aliyasikiliza maji mpaka mwisho.

"Mteja ni mfalme," akasema. "Mteja alisema hapendi harufu. We uko mteja?"

"Oya, shefu."

"Alors, basi."

"Shefu, mtoto wangu anaumwa," akasema Farida.

"Pole sana, madamu. Ulimpeleka kituo cha afya?"

"Nilimpeleka."

"Basi iko kwa mikono mizuri."

"Saini moja tu, shefu, Venansi afungue pipa."

"Tukifungua leo, kesho watu mia wako kwa dirisha yako, wameziba pua. Na Ijumaa Gitega wanaleta sertifika."

Ilikuwa kweli, wangekuja hao mia, na yeye ndiye angewaandika mmoja mmoja. Hilo lilimkera Farida kuliko yote.

Barnabé hata hivyo hakupenda maji yazunguke bomba kwa bomba na kinyongo moyoni. Akayaajiri. Mfanyakazi halalamiki, akayaeleza kwa upole; mfanyakazi anatoa maoni, na maoni yanakusanywa Desemba. Maji, ambayo tangu kuumbwa kwa ulimwengu hayakuwahi kupewa cheo, yakakubali. Beji yao ikazama mara mbili hadi chini, mpaka Venansi alipoifunga kwenye kizibo cha chupa ikaelea.

Kazi yao ilikuwa maneno matatu, na Barnabé aliyaandika mwenyewe. Kufikia Jumatano kila bomba la Mwakiro, likifunguliwa, lilisema, "Karibu, mteja wetu." Watu wakaitikia na kukinga jerikeni. Akina mama wakasema angalau siku hizi kuna heshima.

Ijumaa akafika Bi Emérance kutoka Gitega na sertifika ya huduma bora ndani ya fremu. Akaketi juu ya pipa. Farida alikuwa amevaa ushungi wake wa Idi na ameikariri sentensi moja tangu alfajiri.

"Madamu, hicho ulichokalia ndiyo dawa ya maji, haijafunguliwa tangu Machi, na watoto wanaumwa."

Bi Emérance akalipapasa pipa, akaridhika. "Iko nguvu. Sisi kule Gitega viti vyote vimevunjika. Na malalamiko ya mwezi huu iko ngapi?"

Farida akatazama ukurasa. Ulikuwa mweupe, na yeye ndiye aliyeutunza.

"Sifuri."

"Alors, hongera."

Wakapiga picha. Bi Emérance akatoa mkobani chupa ya maji aliyotoka nayo Gitega, akanywa. Maji yaliona. Hayakusema kitu, kwa kuwa yalikuwa kazini.

Jioni Farida akafungua bomba la nyumbani, akakinga sufuria.

"Karibu, mteja..." yakaanza, kisha yakamtambua, yakaona haya. "Pole na kazi, mwenzangu."

"Pole na wewe."

"Riziki iko aje?"

"Tumbo bado."

Maji yakainuka hadi ukingoni mwa sufuria. "Unichemshe, basi. Unichemshe sana."

"Haitakuuma?"

"Itauma. Lakini nitalalamika wapi?"

Farida akayafunika, akachochea makaa, akakaa nayo mpaka yakatokota.

Jumatatu Riziki alipata nafuu akarudi shule na chupa ya maji yaliyochemshwa. Mama alimwambia asiliguse bomba, naye akaitikia ndiyo mama, kama waitikiavyo watoto wote wa miaka sita. Chupa ikaisha kabla ya mapumziko. Akakimbilia bomba, akalifungua, akaweka mdomo.

"Karibu, mteja wetu," maji yakasema, kwa kuwa ndiyo maneno yaliyopewa. Kisha yakajikunja, yakapita kando ya shavu lake. Riziki akasogeza mdomo kushoto, yakahamia kulia. Akadhani ni mchezo, akacheka na pengo lake, akayafukuza huku na huku mpaka akayapata. Akanywa akashiba, akasema asante.