Kipande cha Baba

Studio nzima ilimwita Mkasi, na jina alilipenda, kwa sababu mhariri wa filamu husifiwa kwa kujua pa kukata. Alilipata kwenye filamu ya chombo cha anga kilichopotea njia kikirudi duniani. Mwongozaji alikuwa ametafuta mtu wa kuigiza rubani mzee, sehemu ndogo tu, akampata nyumbani kwao Mkasi: baba yake, dereva wa treni mstaafu, mwenye sauti nzito na nyusi kama brashi ya viatu. Katika filamu, hewa ndani ya chombo haiwatoshi wote, basi rubani mzee anawaaga vijana na kubaki peke yake kwenye kituo cha angani. Mzee alikariri maneno yake mpaka majirani nao wakayajua.

Siku filamu ilipoanza kuonyeshwa, alivaa suti, akaalika dada zake na wenzake wa reli, wakajaza safu nzima. Filamu ikaanza, ikaisha. Rubani mzee alipita mara moja tu, tena akionekana mgongo tu.

"Kaka, mbona hatujakuona?" akauliza dada yake taa zilipowaka. "Au nilisinzia?"

Mzee hakumgeukia. Alimtazama binti yake.

"Ni mtayarishaji, baba," Mkasi akasema. "Alisema filamu ni ndefu. Mimi ningefanya nini?"

Uongo ulimtoka kirahisi kama mate. Mtayarishaji, mama mmoja mpole wa maneno machache, hakuwa amesema hivyo hata kidogo. Mkasi mwenyewe ndiye aliyeshikilia kwamba kipande kile kinachosha, kwamba mzee anasema maneno kama anatangaza kuchelewa kwa treni. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini chini yake kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: kila wenzake wa studio walipocheka mbele ya skrini, alimwonea aibu baba yake.

Tangu siku ile mzee hakutaka kulisikia jina la mtayarishaji. Mama yake Mkasi alipofariki, mtayarishaji yule alikuja msibani, akanyoosha mkono. "Pole sana, mzee wangu."

Mzee akaficha mikono yake nyuma. Watu wakaona. Mkono wa mgeni ulikaa hewani kidogo, ukarudi. Mgeni alimtazama Mkasi mara moja tu, akaenda kukaa nyuma kabisa. Mkasi alikuwa ameshika birika. Akainama, akaendelea kuwamiminia watu chai.

Miaka ikapita, filamu ikapata wapenzi wake, wale wasiotosheka mpaka wajue kilichotupwa. Wakapanga kuonyesha matoleo yote mawili siku moja: lile lililotoka kwenye majumba ya sinema, kisha refu, lenye kila kilichokatwa. Mwongozaji alimpigia mzee simu mwenyewe. Suti ikatolewa tena, safari hii ikimpwaya mabegani. Mkasi alipanga kumwambia ukweli kabla ya siku hiyo. Alijiambia kesho, na kesho haiishi.

Jumapili mchana walikaa pamoja ukumbini. Toleo fupi likapita, likapigiwa makofi. Likaja refu, na uso wa baba ukajaa skrini.

Mkasi aliyaona yale yale aliyoyaona zamani: mzee akingoja zamu yake ya kusema, midomo yake ikifuatisha maneno ya mwenzake. Hata sasa angekata. Lakini maneno yalipokwisha na mlango wa chombo kufungwa, mzee alipitisha kiganja juu ya chuma, taratibu, kama mtu anayeiaga injini aliyoiendesha maisha yake yote. Hakuna aliyemwelekeza afanye hivyo. Kipande kile kidogo kingeweza kubaki peke yake, bila neno. Zamani Mkasi hakukiona, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kumwondoa mzee mbele za watu.

Baadaye, wakati wa maswali, mtazamaji mmoja akauliza, "Nani aliiondoa sehemu ya yule mzee?"

Mwongozaji akacheka. "Aliyeiondoa amekaa pale. Mimi nilipinga, mtayarishaji akapinga, lakini Mkasi akatushinda wote."

Watu wakacheka, wengine wakampigia makofi. Mkasi alitamani ardhi ipasuke. Mzee hakugeuka.

Nje, kwenye benchi la kituo cha basi, ndipo mzee aliposema. "Yule mama alitaka nibaki?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikamnyima mkono. Siku ya msiba wa mama yako."

"Baba, kile kipande kilikuwa..."

"Sikuulizi habari za filamu. Kuigiza sikujua, hata kipofu angeona. Ungeniambia, 'Baba, umeharibu.' Ningenuna wiki moja, yakaisha." Akafungua kifungo cha suti. "Ulisimama pale na birika, ukaniacha nimdhalilishe mtu bure."

Mzee akainuka.

"Unapajua kwake?"

"Napajua."

"Basi twende. Au unangoja tumkute naye amezikwa?"

Mtayarishaji alifungua mlango, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Mzee akanyoosha mikono yote miwili. "Mama, nimekuja kuutafuta ule mkono."

Mama yule aliipokea bila kuuliza, akamkaribisha ndani. Mkasi alibaki karibu na mlango.

"Huyu ana la kusema," mzee akasema.

"Nilikusingizia," Mkasi akasema. "Nilimwambia baba kuwa ni wewe."

"Nilijua palepale msibani, ulipoinama. Sikuweza kumsuta mtoto mbele ya baba yake, mama yake hajazikwa."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilidhani utakuja mwenyewe. Halafu nikaacha kungoja."

Mkasi akaelewa. "Ndiyo maana hukuniita tena kazini." Miaka yote aliamini kazi zimepungua.

"Kazi yako haina kasoro. Ila chumba cha kuhariri ni kidogo, watu hukaa bega kwa bega. Nilishindwa kukaa nawe hivyo."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. Kisha akamgeukia mzee, akamuuliza alijifunzia wapi kuaga chuma namna ile, na mzee akaanza kusimulia habari za reli. Waliongea hadi chai ikapoa. Mkasi alijikalia pembeni ya kochi. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemwongelesha.

Walipotoka, alimpa baba mkono washuke ngazi. Mzee akashika chuma cha ngazi, akashuka peke yake. Barabarani magari yalikuwa mengi. Hapo ndipo mzee alipomshika binti yake kiwiko, wakangoja nafasi, wakavuka.