Mkarafuu wa Tutani

Amour Sheha alikuwa mtu wa kuongea na bwawa. Msicheke! Mtu akikaa miaka saba bila wa kumwambia "karibu chai," ataongea hata na sufuria.

Bwawa lenyewe halikuwa la kunywesha mtu wala ng'ombe. Marehemu mzee Esmail, mwenye duka la vitambaa mjini, alilichimbisha kwenye shamba lake nyuma ya kijiji cha Kigombe ili familia yake ipate pa kupunga upepo Jumapili. Palikuwa na viboti vya kukanyaga kwa miguu, mishikaki, na watoto wa kupiga kelele mpaka magharibi. Amour aliletwa kutoka Pemba kupalinda. Mzee akafariki, mwanawe Alnoor akabaki na shughuli zake mjini, Nguvumali, viboti vikapauka juani. Kisha Kazija, mke wa Amour, naye akatangulia mbele ya haki. Binti yao wa pekee, Tuhfa, aliolewa Maskati. Alikuwa akimwita babake akaishi naye, na kila mara Amour alijibu neno lilelile: "Siwezi kupaacha hapa, mwanangu."

Sababu hakuisema, maana aliona binti anaijua. Watu wa pwani, kitovu cha mtoto kikidondoka, hukizika chini ya mche wa mnazi. Amour, kwa kiburi chake cha Kipemba, akasema mnazi wa nini, binti yangu atapata mkarafuu. Na mkarafuu hautaki kukaa na maji miguuni. Akalizunguka shamba zima, akaona pahali pamoja tu palipoinuka na kukauka: juu ya tuta, ule ukuta wa udongo unaolizuia bwawa. Kazija akamkabidhi kitu kidogo kilichofungwa kitambaani, yeye akakifukia na kupanda mche juu yake. Ukashika. Ah, ulishika kwelikweli!

Mwaka jana mhandisi Beatrisi wa ofisi ya maji alikuja kukagua, akautazama mti kwa jicho baya. Mizizi hufungua njia ndani ya tuta, alisema, na maji yakishaona njia hayaombi ruhusa. Akamwandikia Alnoor kwamba mti uondolewe, barua haikujibiwa. Amour akaachiwa chupa. Kila asubuhi akinge yale maji yanayochuruzika chini ya tuta, ayatazame juani.

"Yakiwa safi, lala usingizi," Beatrisi alimwambia. "Siku yakitoka na udongo, ujue tuta linaliwa ndani. Nipigie siku hiyohiyo."

Sasa ilikuwa siku ya kumi na moja maji yanatoka rangi ya chai ya maziwa, na simu hakupiga. Angepigaje? Mti ungekatwa. Bondeni palikuwa na nyumba kumi na nne za wakulima wa mpunga, na mojawapo ilikuwa ya Ritha, mjane wa Kibondei, kiumbe pekee aliyempelekea uji alipougua. Hayo yote Amour aliyajua, na bado kila asubuhi aliimwaga chupa akanyamaza.

Aliposikia pikipiki ya Beatrisi, alikimbia kisimani akaijaza chupa maji safi.

"Shikamoo, mzee Amour."

"Marahaba, mwanangu. Za safari?"

"Njema. Maji yetu je?"

Akampa chupa. Beatrisi akaiinua juani, akaridhika. "Hebu nishuke nikaone mwenyewe."

"Kuna nyoka kwenye majani yale, fira," Amour akasema haraka. "Jana tu nimemwona."

Beatrisi akarudisha mguu. Akaandika, akafunga daftari. "Basi. Wale wa bondeni watalala salama masika haya."

"Alhamdulillahi," Amour akajibu.

Pikipiki ikawaka. Kutoka bondeni ikasikika sauti ya Ritha akigonga debe na kufukuza ndege kwenye mpunga wake, huku akiwatukana matusi ya kuchekesha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hapa kifo kingeanzia kwa Ritha. Amour akajikuta anakimbia.

"Simama! Mwanangu, simama! Hakuna fira. Hayo maji ni ya kisima."

Beatrisi alishuka chini ya tuta, akakinga kiganja, akayatazama yale maji. "Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mzee!" Akapiga simu. Watu wa bondeni wakahamishwa na mikeka yao, mlango wa maji ukafunguliwa kidogo kidogo, na siku ya nne bwawa likawa tope na samaki wanaorukaruka. Siku ya tano wakaukata mkarafuu.

Ijumaa Tuhfa akapiga simu, kama kawaida yake. Amour akamwambia akilia, bila kujificha.

"Nisamehe, mwanangu. Kitovu chako nimeshindwa kukilinda."

"Kitovu gani, baba?" Tuhfa akashangaa. "Kwani mama hakukwambia? Alisema kitovu cha mwanawe hakizikwi kwenye ardhi ya mtu. Alikipeleka Pemba, kiko chini ya mnazi wa bibi. Wewe alikupa kipande cha tangawizi, maana ukishaamua jambo huambiliki."

Amour akakaa chini palepale, juu ya kisiki cha mkarafuu.

"Ndicho ulichokuwa unakilinda?" Tuhfa akauliza taratibu. "Baba, mimi nilidhani hunitaki. Ndiyo maana mwaka huu sikukuita."

Alitaka kumwambia, niite tena, mara moja tu. Lakini huko Maskati mjukuu alilia, Tuhfa akasema wataongea Ijumaa ijayo, na simu ikakatika.

Amour akageuka alieleze bwawa. Akaliona tope, na viboti vimelala ubavu.