Uzi wa Bandi

Nafumba macho mchana kweupe, wodi ya wazazi, kitanda cha kumi na moja, fomu ya daktari chini ya mto na kitambaa cha kichwa cha mama yangu mkononi. Kondo la nyuma la mwanangu limekaa pabaya; kesho asubuhi napasuliwa, na daktari hakunificha: Saru, utavuja damu sana. Damu ya kuongezewa ina hatari zake, ila ni ndogo. Bila damu siwezi kukuahidi kitu. Mzee Mwakio wa kanisa letu naye amekaa hapa akilia machozi ya kweli. Mwanangu, damu ni uhai, na uhai hauazimwi. Mama yako alishika imani mpaka mwisho. Alishika, ndiyo, akafa akinizaa. Kadi yake ya kukataa damu bado imeshonewa ndani ya upindo wa kitambaa hiki, nami nilibatizwa nacho, kadi yake ikawa yangu. Kwetu upindo wa ubatizo haufunuliwi. Naupapasa tu, naisikia kadi, ngumu.

Mto unazama, nami nazama nao, natokea barabarani. Barabara inarudi ilikotoka, inapita mji wa vioo, na katika kila kioo nimo mimi, hapa nina mtoto mgongoni, hapa mgongo mtupu, hapa simo kabisa, imo kanga tu inayotembea. Mbele yangu anakwenda mwanamke asiye na uso, kichwani kitambaa kama changu. Shikamoo, nasema. Marahaba, anaitikia, kitendawili. Tega. Nimekubeba miezi tisa, umenibeba miaka thelathini, na hatujaonana. Hana uso kwa sababu sijawahi kuuona, picha haikubaki hata moja. Mama, nasema, nimekutamani maisha yangu yote, hata harufu yako nimeitunga mwenyewe. Niambie, nikikubali damu nitakuwa nimekusaliti? Anauliza: Nilikuwa nani mimi? Fundi cherehani, nasema, wanakusifu mpaka leo kwamba mshono wako haufumuki. Basi funua upindo. Mwiko, mama. Funua. Nafunua, naona mishono mirefu, legelege, uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu. Hii ni bandi tu, nasema. Na fundi hupiga bandi wapi? Pale anapokusudia kufumua. Mbona hukufumua? Uchungu uliniwahi, mwanangu, anasema, na hapo hakuna kitendawili tena. Nanyoosha mkono nimshike, nashika kioo. Nanyoosha tena, kioo. Mama, usiende.

Sista Malemba, muuguzi wa wodi, amesimama kando ya kitanda. Upindo umefumuka, kadi iko kifuani pangu, uzi mweupe uko kati ya meno yangu, na sijui nimeufumua mimi au yule wa ndotoni. Mbona unalia, mama? ananiuliza sista. Umeamua? Kwenye kioo cha dirisha namwona mwanamke wa kitambaa cha buluu, na uso wake siuoni. Niongezeeni damu, nasema, na sijui nimesemea upande upi wa kioo. Basi nasema tena, kwa sauti, pande zote mbili zisikie.