Jina Lililouzwa Mikumi

Kitabu kile Jenipher Bundala alikiandika jikoni, sufuria ya maharage ikichemka na pacha wake wakigombania dadu. Kilikuwa kitabu cha kanuni za mchezo wa mezani. Mchezo wenyewe si mgumu: watu wanne watano wanakaa, mmoja anasimulia, waliobaki kila mtu anajivika mhusika, huyu mkulima, yule mfugaji, na jambo likiwa zito dadu inarushwa iamue. Katika mchezo kiangazi kimekaza, kisima ni kimoja, na lazima wote wafike wanywe. Akikosa mmoja, wameshindwa wote.

Kanuni hiyo ya mwisho haikuwa yake. Ilikuwa ya Naanyu, mama Resiato, Mmaasai aliyemletea maziwa kila asubuhi kwenye duka lake la steshenari pale Kilosa. Naanyu ndiye aliyekaa kwenye benchi akamweleza ng'ombe wananyweshwaje, nani anatangulia na nani anasubiri. Jenipher alikuwa na diploma ya masoko. Naanyu alikuwa na mdogo wake aliyeuawa kwenye ugomvi wa maji.

Habari za huyo mdogo wake alizisema zote isipokuwa jina. Kwao aliyekufa hatajwi. Hata mtoto wa boma la pili aliyekuwa wajina wake alibadilishiwa jina baada ya msiba. Jenipher ni Msukuma, kwao mjukuu anaitwa jina la babu ili babu asipotee, kwa hiyo jambo hilo alilishangaa, lakini hakuuliza mara ya pili. Na jina hilo halitaandikwa hapa.

Kitabu hakikununulika. Shule moja ilikichukua, mwalimu mmoja wa Kilangali akakisifia, basi, vilivyobaki vikala vumbi kwenye rafu. Ndipo akatokea Yohana, kijana wa Morogoro aliyejiita mtu wa masoko, mwenye maneno ya kuteleza kama mlenda. Akasema atakichapisha upya huko Morogoro, akipeleke Mikumi, ambako vijana wa Dar wanakuja kupumzika mwisho wa wiki na wanapenda michezo ya namna hiyo.

"Niachie mimi, mama," alisema. "Kanuni haziuzi. Kinachouza ni kisa."

Jenipher alidhani anazungumzia maneno ya nyuma ya jalada.

Siku ya kukizindua, wale wanawake wawili walipanda gari la kukodi asubuhi kwenda Mikumi. Naanyu alikuwa amevaa shanga zake za sherehe, kwa sababu jina lake nalo lilikuwa juu ya kitabu. Yohana aliwapokea kwenye loji, mbele ya duka la zawadi la mama mmoja aitwaye Doris.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama Resiato."

"Marahaba. Vitabu viko wapi?"

Vilikuwa pale, kwenye maboksi. Jenipher akatoa kimoja. Juu ya jalada mtu mwenye shuka jekundu alikuwa amekenua meno, mkuki unachuruzika damu. Chini yake herufi kubwa: KISA CHA KWELI.

"Huyu nani?"

"Mteja lazima ashtuke kwanza, mama. Akishtuka, ameshika. Akishika, amenunua."

Kabla hajajibu, kelele zikatoka barazani. Vijana walikuwa wamezunguka meza, chupa za soda katikati, mmoja anasoma kitabu kwa sauti. Naanyu alikuwa amekaa kando yao na kikombe cha chai, akitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya watu asiowajua.

Yule kijana akataja jina.

Akalitaja lote, la marehemu na la baba yake. Wenzake wakalirudia wakicheka, kwa sababu ulimi wa Dar uliliona gumu. Jenipher hakuwahi kulisikia jina lile, lakini alipoutazama uso wa Naanyu alijua ni la nani.

Akafungua kitabu. Ukurasa wa ishirini na tatu. Marehemu alikuwa amepangiwa alama: nguvu nane, hasira tisa, akili mbili. Chini yake palikuwa na maelezo kwa mchezaji mgeni: ili kujifunza kupiga, anza kwa kumwua huyu. Rusha dadu. Ukipata sita, umempiga kichwani.

"Sita!" akasema msichana mmoja.

"Oya, mwamba kafa tena."

"Mwamshe. Zamu yangu."

Naanyu akaweka kikombe chini taratibu, chai isimwagike. Akasimama, akatoka, akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari, akiipa loji mgongo.

Jenipher akamgeukia Yohana, kitabu kikiwa wazi mkononi.

"Jina umelitoa wapi?"

"Mnadani, kwa wauza ng'ombe," Yohana akasema, wala hakuona aibu. "Nililipa bia mbili tu. Mama, usikasirike. Yeye ameshakufa, hataumia. Na tazama, wanacheza. Wamecheza kurasa zako zote za kisima? Hapana. Wamekwenda moja kwa moja pale."

Doris akatoka dukani akijipepea na kitabu. "Mimi navichukua vyote, dada. Na loji nyingine nitazipelekea. Ila kisa kibaki. Bila kile kisa hili ni daftari la shule."

Hapo ndipo Jenipher alipojichukia kidogo, kwa sababu alifikiri. Alifikiria kitabu chake kwenye kila loji. Yohana aliona anafikiri, akasogea.

"Tubandike kibandiko juu ya jina. Jina halionekani, kisa kipo, kila mtu ameridhika."

"Watakikwangua," Jenipher akasema. "Mtu akiona kimefichwa, anakwangua kama vocha. Na kisa ni kile kile, anauawa bila jina."

"Basi chana ukurasa."

Akakigeuza kitabu, akatazama mgongo. Kilishonwa kwa pini katikati, karatasi zimekunjwa. Mtu wa steshenari hahitaji kuambiwa: ukichana ukurasa huu, mwenzake wa upande wa pili unaachia. Akaufunua huo mwenzake. Ulikuwa ukurasa wa kisima, ile kanuni ya kwamba wote wafike.

Akakifunga.

"Pakia maboksi kwenye gari."

"Mama, tusifanye hasira kwenye biashara."

"Pakia, au nipakie mwenyewe na wewe nikupakie juu yake."

Akaenda mezani, akanyoosha mkono. Vijana wakatazamana.

"Anti, tulikuwa tunamaliza."

"Mmemaliza. Mtu mnayemwua alikuwa na dada. Ndiye yule pale kwenye gari, aliyekuwa anakunywa chai kando yenu."

Msichana aliyepata sita akaifunika dadu kwa kiganja, kana kwamba itasema. Yule aliyesoma akakirudisha kitabu, akashusha sauti. "Samahani, anti. Lakini ukurasa nimeshatupia mtandaoni."

Jenipher akamsimamia mpaka akaufuta. Watu walikuwa wameshauona. Wawili walikuwa wameshacheka kwa maandishi.

Njiani kurudi Kilosa Jenipher alimweleza Naanyu habari ya mtandaoni, na walipokaribia mjini Naanyu akamgeukia.

"Sisi tulimlaza," Naanyu akasema. "Hawa wanamwita wa nini?"

Jenipher alivichomea vitabu nyuma ya duka, kwenye pipa. Magreti, muuza mihogo wa jirani, akaja mbio na beseni lake. "Mama Dotto, karatasi nzuri namna hii unaitia moto? Si unipe nifungie mihogo."

"Hizi hazifungiwi chakula."

"Zina sumu?"

"Ndiyo."

Simu ikalia mfukoni. Yohana. *Shikamoo mama. Doris bado anavitaka.* Tangu azaliwe Jenipher hakuwahi kuiacha shikamoo ya mtu hewani. Hii aliiacha. Akakoroga majivu kwa fimbo, kwa maana karatasi zilizobanana haziungui katikati, na herufi zilikuwa bado zinasomeka.

Asubuhi alifungua duka mapema, akaliweka benchi nje kama kawaida. Naanyu alikuja. Hakukaa. Alitazama pipa, kisha akalitazama benchi.

"Vimeisha?"

"Vimeisha."

"Na ile picha ya kwenye simu za watu?"

Jenipher akamsogezea sufuria ya maziwa. Naanyu akafungua kidumu, akapima maziwa, akajaza kipimo mpaka juu, akaondoka.