Gari Lililonuka Pilau

Asenath alilidharau gari lile tangu siku ya kwanza lilipoegeshwa mtaani kwao Ziwani. Alilidharau kwa sauti ya chini, maana hakuwa mtu wa kelele, na alianzia mbele akaenda nyuma. Klachi ililia kila ilipokanyagwa. Mlango ulifungwa kwa kamba ya manila. Viti vilikuwa vimenyeshewa hadi vikaota ukungu. Boneti ilishikiliwa na waya, na hapo hakutaka hata kuchungulia. Marehemu mumewe, Nzivo, alikuwa dereva wa lori, na alizoea kusema kwamba gari lililofungwa boneti kwa waya lina mambo ambayo mwenyewe hataki yaonekane.

Aliyelinunua ni Matheka, mwenyekiti wa chama chao cha kuzikana. Kwa haki, hakulinunua kwa ubaya. Kabla ya hapo wanachama walikuwa wakienda mazishini Ukambani juu ya lori la kokoto, na mama mmoja mzee aliwahi kuanguka akavunjika nyonga. Lakini Matheka alikuwa na ugonjwa wa kupenda rahisi. Klachi ilipokwisha, alinunua iliyong'olewa kwenye gari lililopinduka. Rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ilipoanza kuvuja, Odera, fundi wa kule Gikomba, alimwambia wazi kwamba imeoza, akamtajia bei ya mpya. Matheka alicheka kama mtu aliyetajiwa bei ya ndege.

"Weka manjano," alisema. "Si huwa mnaziba na manjano?"

"Manjano ni ya kukufikisha kwa fundi, mzee. Sasa wewe uko kwa fundi tayari."

"Weka tu, kijana."

Odera akamimina mfuko mzima wa manjano ya kupikia. Kuvuja kukakoma, na Matheka akatembea nyumba kwa nyumba akisimulia jinsi alivyolitibu gari kwa bei ya mboga. Ilibaki taa nyekundu ya joto, ambayo iliwaka kila walipopanda mlima. Safari iliyotangulia akina mama waliiona, wakaanza kuimba nyimbo za kuaga dunia. Matheka akaibandika utepe mweusi.

"Inatisha abiria bure," alieleza.

"Na ukiugua umfunge daktari macho," Asenath akamwambia, akaenda zake.

Kisha mama yake Mukai akafariki. Mukai aliuza mitumba Gikomba na alikuwa jirani ya Asenath, mlango kwa mlango, naye alimwita Mama Ndete kama wenzake wote. Kwao, juu kwenye milima ya Iveti, kifungua mimba ndiye hutupa udongo wa kwanza, na Mukai ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Mjomba wake alikuwa amepiga simu: mchungaji ana mazishi mengine, kwa hiyo saa nane jeneza litashuka, Mukai awepo asiwepo.

"Panda basi la abiria, mwanangu," Asenath alimwambia. "Nitakusindikiza."

"Mama Ndete, nikiliacha gari la chama watasema najiona. Siku nyingine nikifiwa, nani atakuja?"

Asenath alibeba kibeti chake akaenda kupanda kitu alichokidharau.

Asubuhi ile wanachama walilizunguka gari, wakaweka mikono juu ya boneti, na Matheka akaomba kirefu. Mikono ya Asenath ilibaki kwenye kibeti.

"Mama Ndete, huombi?"

"Mungu ameshasikia habari za hili gari, mwenyekiti. Tusimchoshe."

Walivuka Machakos salama, huku Matheka akiupigapiga usukani kama shingo ya ng'ombe wa maonyesho. Mlima ulipoanza, harufu tamu ikaingia ndani. Mama mmoja aliinua pua. "Kuna mahali wanaoa," akasema. "Hiyo ni pilau ya harusi za Majengo kabisa."

Asenath alitazama nje. Palikuwa na mahindi na mawe tu. Akajinyoosha kutoka kiti cha nyuma ya dereva na kuubandua utepe. Taa ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi.

"Mwenyekiti, simama."

"Tukisimama hatutaondoka."

"Tusiposimama, injini itaondoka bila sisi."

Matheka akasimamisha gari. Mvuke wa manjano ulitoka kwenye pembe zote za boneti. Matheka, kwa kuona watu wanamtazama, alifungua waya, akakunja leso na kunyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Fungua," Asenath alisema taratibu. "Leo tutazika wawili."

Mkono ukarudi. Wakakaa kando ya barabara wakingoja injini ipoe, na Mukai akawa anatazama simu yake, kisha mlima, kisha simu. Hakulia. Hilo ndilo lililomuuma Asenath kuliko hotuba zote za Matheka. Joto lilipopungua, wakamimina rejetani maji yote waliyobeba ya kunywa. Asenath akaenda kukaa mbele.

"Washa hita. Yote."

"Hita? Na jua hili?"

"Nzivo alikuwa akilivuta joto la injini ndani, alibebe yeye. Leo tutalibeba sisi. Na uende gia ya kwanza."

Basi wakapanda Iveti ndani ya suti nyeusi na sweta za sufu, upepo wa moto ukiwapulizia usoni vumbi, nywele za watu wasiowajua, na pilau. Hakuna aliyeimba. Tai ya Matheka ililowa hadi ikabadilika rangi, naye hakuthubutu kuifungua, maana Asenath alikuwa akimwangalia.

Jeneza lilikuwa tayari juu ya kamba. Mukai alishuka kabla kamba ya mlango haijafunguliwa vizuri, akakimbia katikati ya migomba na nguo imemganda mgongoni. Wabebaji wakamngoja. Udongo wa kwanza ukawa wake, na hapo ndipo alipolia.

Wenyeji waliwatazama wageni wa Nairobi wanavyotiririka maji usoni, wakaguswa kuona wamelia hivyo njia nzima. Mjomba peke yake ndiye aliyesogea karibu, akanusa bega la Matheka, akanusa na la mtu wa pili.

"Sisi tunazika," alisema, "ninyi mmepitia harusini kula pilau?"

Asenath akautoa ule utepe mweusi kwenye kibeti na kumtia mwenyekiti wake kiganjani.

"Muulize huyu, mzee," akamwambia mjomba. "Yeye ndiye mpishi."